Mlio wa Kumi na Saba

Swichi ile ilikuwa na majina kumi na sita yaliyoandikwa kuizunguka kama namba za saa, lakini ukiizungusha ukahesabu, ililia mara kumi na saba. Tak, tak, tak, mpaka kumi na sita. Kisha, kati ya jina la mwisho na jina la kwanza, mahali pasipoandikwa kitu, tak nyingine, laini kuliko zote, kama mtu anayefunga mlango asitake kuamsha watu.

Ponsian alihesabu mara tatu. Alikuwa ameajiriwa kuhesabu magunia kwa miaka kumi na minane, na katika hesabu za magunia tofauti ya moja si kitu: unaandika "limepotea katika usafirishaji," meneja anatia saini. Akajiambia kwamba safari hii mlio mmoja umezidi katika usafirishaji, akaendelea na mambo yake.

Kusema kweli hakuwa karani wa magunia. Alikuwa mpiga gitaa. Lakini Shirika la Maghala ya Kanda, lililokuwa na bendi yake ya dansi, Maghala Jazz, kama mashirika mengine ya umma ya siku zile, halikuwa na kifungu cha kumlipa mpiga gitaa. Lilikuwa na kifungu cha kumlipa Karani wa Ghala Daraja la Tatu. Basi Ponsian akawa karani. Ndalahwa, aliyelipiga gitaa la solo mpaka watu wakasahau bia zao mezani, kwenye makaratasi alikuwa Fundi Mizani. Yakobo wa gitaa la besi alikuwa Mlinzi, na aliwahi kupewa onyo la maandishi kwa kulala kazini, siku ambayo alikuwa amepiga muziki mpaka alfajiri kwa amri ya Shirika hilohilo.

Kisha likaja soko huria, na nyuma yake akaja mfilisi, mtu mpole mwenye mkoba, akaorodhesha mali: mizani kumi na moja, malori mawili yasiyotembea, bendi moja. Bendi ilikosa mnunuzi. Vyombo vikauzwa kimoja kimoja, na wapigaji, kwa kuwa hawakuwa kwenye orodha ya mali, wakaambiwa waende nyumbani. Katika miaka iliyofuata wawili wao walikufa, akafuata Ndalahwa, kwa ule ugonjwa mrefu ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeutaja msibani. Mwimbaji alihamia Dar es Salaam, akaokoka, na waliookoka hawaimbi dansi. Wakabaki Yakobo, aliyekuwa anakaanga chipsi Buhongwa, na Ponsian, aliyekuwa anakaa Buswelu katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mawe makubwa, peke yake, mkewe Celestina akiwa amelala kwenye migomba ya kwao Muleba, na binti yao wa pekee, Prudencia, akiwa mwalimu ng'ambo ya pili ya ziwa, Sengerema.

Kupiga gitaa la ridhim, kama alivyopiga Ponsian, ni kazi ya kumwekea mwenzako kiti. Unakiweka, unakipangusa, unakiweka tena, usiku kucha, ili mpiga solo aje akae na apendeze. Ilikuwa mwaka wa sita sasa Ponsian anamwekea kiti mtu asiyekuja.

Ndiyo maana alipokiona kile kisanduku chekundu kwenye mnada wa forodha, bandarini, moyo ulimruka. Alikuwa amewahi kusoma habari zake kwenye gazeti la muziki aliloachiwa na Mzungu mmoja wa mradi wa maji. Ndani ya kisanduku kama kile, gazeti lilisema, zimewekwa tabia za amplifaya kumi na sita, kubwa na ndogo, za ukumbini na za chumbani. Unachomeka gitaa upande mmoja, mashine ya kurekodia upande wa pili, unavaa spika za masikioni, na wewe mwenyewe unajisikia uko mbele ya amplifaya ndefu kama kabati, wakati jirani hasikii kitu ila kucha zako zikigusa nyuzi. Kinaiga. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Kwenye orodha ya mnada kiliandikwa: "Kifaa cha umeme, chekundu, umbo la figo, kilichotumika, matumizi hayajulikani, kimoja."

"Mwenyewe yuko wapi, afande?" Ponsian aliuliza.

"Hajajitokeza. Siku zimepita. Kisheria hakina mwenyewe."

"Kilitoka wapi?"

Ofisa akafunua daftari, akalitazama kama mtu anayetazama kisima. "Kilitoka melini."

"Meli gani?"

"Mzee wangu, unanunua au unanisahihishia mtihani?"

Akanunua. Ofisa, kwa kuwa fomu haikubali kitu kisicho na matumizi, akajaza "kupikia," akagonga mhuri.

* * *

Alianza kurekodi siku ya pili, saa saba mchana, wakati Buswelu imetulia, watu wako makazini na mbuzi wamelala kwenye vivuli vya mawe. Mashine yake ya kaseti ilikuwa ya njia nne: unarekodi gitaa la kwanza, unarudisha mkanda, unarekodi la pili juu yake, kama mtu anayejenga nyumba bila mafundi. Alijaribu amplifaya zote kumi na sita. Zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa za ugenini. Zilisikika kama watu waliovaa suti. Akazungusha mara moja zaidi. Tak.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya amplifaya ya Shirika. Ileile, yenye kitambaa kilichochanika, iliyokuwa ikikoroma kidogo ikipata moto.

Ponsian hakujiuliza. Mtu aliyepotelewa na kitu miaka sita akikikuta mezani hawezi kuanza kukidai risiti. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaanza kuweka kiti.

Sasa, katika dansi solo haiingii hivihivi. Huitwa. Aliye karibu na maiki hulitaja jina la mpigaji, na aliyetajwa huitika, kwa mdomo au kwa nyuzi, na akishaitika hana ruhusa ya kuacha mpaka litajwe jina la mwingine au dansi lifungwe. Ponsian alipofika mahali pa solo, mdomo wake ulifanya kazi uliyoizoea kwa miaka kumi na minane, bila kumwomba ruhusa.

"Ndalahwa! Waambie, baba!"

Akacheka mwenyewe, akaendelea kupiga ridhim mpaka mwisho. Akarudisha mkanda asikilize.

Akajisikia anaita. Na baada ya kuita, karibu sana, kama mtu aliyekuwa amekaa palepale anangoja, kwa utulivu: "Naam."

Kisha gitaa la solo likaingia.

Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha, akasikiliza tena. Vidole vilikuwa vya Ndalahwa: ule utelezi wa kuanzia chini, yale mapigo matatu ya kudokoa kama kuku. Ponsian alilia, kisha akaoga, akavaa shati safi, akakaa kupiga wimbo wa pili. Alipofika mahali pake akaita tena. Tena akaitikiwa.

Wiki ile walirekodi nyimbo tisa. Aliwapita majirani akipiga mluzi, mpaka muuza duka akamuuliza kama amepata mchumba.

* * *

Jumapili Prudencia akaja na samaki wawili, sato, aliowanunua kivukoni Kigongo, akawaweka kwenye karai, akamkagua baba yake.

"Umenenepa, baba. Au umeoa bila kunitangazia?"

"Nimepata kazi. Njoo usikilize."

Akavaa spika za masikioni. Akatabasamu, akatikisa kichwa kwa mapigo, kisha akaacha kutikisa.

"Huyu si baba mdogo Ndalahwa?"

"Ni mashine. Inaiga. Imeandikwa kwenye gazeti."

"Mashine imemjulia wapi?"

Ponsian akasema kwamba teknolojia ni kitu kipana. Prudencia, ambaye alifundisha sayansi darasa la sita bila kitabu cha sayansi, alilijua jibu la aina hiyo, akaliacha lipite.

"Na hii harufu je? Kama kamba mbichi za mtumbwi."

"Ni hao sato wako."

"Sato wangu wako nje, baba."

Lakini alipenda muziki. Utotoni alilala nyuma ya jukwaa kwenye magunia, na nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Akaishika maiki, akaimba beti moja juu ya mkanda, kwa majaribio tu, na Ponsian, aliyekuwa akitazama mshale wa mashine ukicheza, aliona kitu ambacho kilimpendeza wakati ule: gitaa la solo lilipunguza kelele likamsikiliza.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi narudi," Prudencia alisema akijifunga kitenge. "Naimba zote. Usimtafute mwimbaji mwingine."

"Nimtafute wapi? Wote wameokoka."

* * *

Jumatatu mkanda uliita wenyewe.

Ponsian alikuwa amerekodi ridhim, amemwita Ndalahwa, Ndalahwa ameitika. Katikati ya solo, mahali ambapo yeye hakusema kitu, sauti ya Ndalahwa ikaita kwa furaha, kama zamani ukumbini: "Yakobo! Ingia, ngosha!"

Hakukuwa na jibu. Lakini Jumatano, aliporekodi wimbo mwingine, chini ya magitaa mawili likatambaa la tatu, zito, linaburuta mguu kidogo kama Yakobo alivyokuwa akiburuta kila alipopiga kwa uchovu.

Ponsian akavua spika masikioni, akafunga nyumba, akaenda Buhongwa.

Karai la chipsi lilikuwa limegeuzwa chini juu. Uani waliketi wanawake. Evelina, mke wa Yakobo, alimpokea bila machozi, yalikuwa yamekwisha.

"Tumemzika jana, shemeji. Tumetuma mtu Buswelu hakukupata. Aligonga mlango, anasema alisikia muziki ndani, hukufungua."

"Aliumwa nini?"

"Hakuumwa. Juzi mchana anakata viazi. Mara akainua kichwa, akasema, 'Nani ananiita?' Mimi nikamwambia, Yakobo, hakuna anayekuita, na mchana huu usiitike usiyemwona. Akacheka. Akasema, 'Ni yule mjinga Ndalahwa.' Akaitika, 'Naam!' kwa sauti kubwa, kama ya ulevini." Evelina alikitazama kisu kilichokuwa bado juu ya ndoo. "Akakaa chini. Kama mtu aliyeambiwa karibu kiti."

Ponsian akampa pole, akaaga. Alirudi Buswelu kwa miguu nusu ya njia, na alipofika hakugusa gitaa siku mbili.

Siku ya tatu alirudi kwenye kile kisanduku, kwa sababu kutosikia kulikuwa kubaya kuliko kusikia. Akavaa spika, akaacha gitaa ukutani. Mgawo wa umeme ulikuwa zamu ya Buswelu siku ile, saa saba na nusu feni ya jirani ikazima, redio ya dukani ikakatika katikati ya tangazo la vifo, taa nyekundu ya kisanduku ikafifia ikafa, na ndani ya masikio ya Ponsian muziki uliendelea, ridhim ambayo hakuipiga, na besi, na solo isiyopumua, kwa maana Ndalahwa wa kweli alikuwa akipumzika kila baada ya mizunguko minne akanywa maji, na huyu hakuwahi kupumzika hata mara moja tangu aitwe, na wakati harufu ya kamba mbichi na matope ya chini ya ziwa inapanda kutoka sakafuni mpaka magotini kama maji yanavyojaa mtumbwi, vyombo vyote vikashuka, vikawa vinazunguka mahali palepale, vinazunguka, kama bendi inavyofanya ikimngoja mwimbaji aliyechelewa, na chini ya mzunguko huo sauti ya Ndalahwa ikawa inajaribu jina polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayekaza nyuzi: "Pru. Pru-de. Prude."

Akazing'oa zile spika na nywele zake.

Usiku ule aliandika barua, akampa dereva wa lori la Sengerema: "Mwanangu, usije kwanza. Na popote utakapoisikia sauti ya Ndalahwa inakuita, usiitike. Usiniulize. Baba yako."

Jibu lilirudi kwa dereva yuleyule: "Baba, shikamoo. Nimeelewa, sitaitika. Lakini nakuja Jumamosi, maana barua yako si ya mtu mzima anayelala vizuri."

* * *

Mganga aliyeelekezwa kwake aliitwa Bi Kija. Aliishi nyuma ya Buswelu, mahali mawe yanapoanza kupandiana, na ukutani alitundika leseni kutoka ofisi ya utamaduni inayomruhusu "kutibu kwa miti shamba, isipokuwa kupiga ramli, isipokuwa kwa kibali." Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, na alikisikiliza kisa chote akichambua mchele.

"Shikamoo, mama," Ponsian alimalizia, akiwa amesahau kuanza nayo.

"Marahaba. Nani alimwita?"

"Mimi."

"Na aliitika."

"Aliitika."

"Basi siwezi kumfukuza. Aliyeitwa akaitika ni mgeni."

"Lakini huyo si Ndalahwa, mama! Ndalahwa hakuwa na roho ya kuua mtu."

"Nani kasema ni Ndalahwa? Ndalahwa wako amelala. Umeita jina la marehemu mchana wa saa saba, ndani ya kitu ambacho kazi yake ni kuiga. Kilichokuwa humo kikavaa jina. Wewe ukiwa uchi, mtu akakupa shati, utalikataa?"

"Nikitupe ziwani?"

"Utamrudisha kwao na njaa, na majina tayari anayo." Akapepeta mchele. "Mgeni hafukuzwi, anaagwa. Dansi lenu lilikuwa linafungwaje?"

Ponsian akaona haya. "Kwa wimbo wa Shirika."

"Uimbe."

"Ni mbaya, mama."

"Sikukuuliza uzuri wake."

Ilikuwa amri ya menejimenti: hakuna dansi kufungwa bila wimbo wa Shirika, beti zote tatu, ya tatu ikiwa imetungwa na Afisa Utumishi mwenyewe. Ponsian akaimba kwa sauti ya chini, akitazama ungo: "Tuitunze mizani, na maturubai pia, panya ni adui, taifa laangalia." Bi Kija alicheka mpaka akavua miwani.

"Na watu walikuwa wanakwenda nyumbani?"

"Walikuwa wanakimbia. Hata walevi. Baada ya ule wimbo tunataja wapigaji wote kwa majina, kila mmoja anaitika, basi, hakuna anayepiga tena. Aliyepiga baada ya hapo alikatwa mshahara."

"Safi sana. Hiyo ndiyo dawa, serikali imekutengenezea. Kafanye hivyo hivyo, usiruke kitu."

Ponsian hakuinuka. "Lazima kutaja mwimbaji," akasema. "Yeye amekwisha kumchagua binti yangu."

Bi Kija akaacha kucheka. Aliuweka ungo chini. "Hapo sikiliza vizuri. Hatoki mikono mitupu. Nafasi hiyo lazima ijazwe, na wewe uijaze kabla hajaijaza yeye. Mpe chako. Lakini kiwe kitu ambacho hakuna mtu duniani atakayekililia. Ukimpa kinachopendwa, umempa njia ya kurudi."

"Nimeelewa," alisema Ponsian, na alikuwa anaamini ameelewa.

Njiani alitafuta ndani yake kitu kisichopendwa, na hakupata taabu. Katika miaka kumi na minane ya Maghala Jazz hakuna aliyewahi kumwomba aimbe. Afisa Utumishi alimwandikia barua kumkataza hata kuitikia viitikio. Siku hizi alikaa siku tatu bila kusema neno, na neno lenyewe likiwa ni "kiberiti" dukani. Sauti yake! Nani angeililia?

* * *

Ijumaa, saa saba, aliufunga mlango, akaizungusha swichi mpaka ule mlio laini, akapiga wimbo wa Shirika. Vyombo vikaja mara moja, vikamfuata kwa utii wa wafanyakazi wa zamani. Hata besi iliburuta mguu mahali ilipopaswa. Aliimba beti ya kwanza na ya pili. Ya tatu, ya panya, harufu ilikuwa imemfika kifuani na mikono ilikuwa ya baridi kama ya mvuvi, lakini aliimba kila neno, na akasoma majina.

"Kwenye solo, Ndalahwa!"

"Naam."

"Kwenye besi, Yakobo!"

"Naam."

Aliwataja na wale marehemu wawili wengine, na kila mmoja akaitika kutoka mbali zaidi, kama watu wanaotoka ukumbini wakiaga mlangoni. Yule wa solo akavuta pumzi, ile pumzi fupi ya mtu anayetaka kutaja jina, na Ponsian akamuwahi, akapiga kelele kana kwamba ukumbi umejaa:

"Ridhim na sauti, Ponsian!"

Akafungua mdomo aitike. "Naam" ikasikika, nzuri, ya kwake kabisa. Lakini ilisikika masikioni tu. Kooni hapakupita kitu.

Kukawa kimya. Harufu ikashuka, ikaisha. Akaizungusha swichi akihesabu: kumi na sita. Akazungusha tena: kumi na sita. Alijaribu kusema "Asante, Mungu," ikatoka hewa kama ya baiskeli. Akacheka bila sauti. Hakuwahi kuona bei nafuu namna hii: karani daraja la tatu amenunua uhai wa mwanawe kwa kitu ambacho hata Shirika halikukiorodhesha. Akaukunja waya wa kisanduku, akakifunga kwenye gazeti, akakiweka chini ya kitanda akirudishe mnadani. Akalala mpaka asubuhi.

* * *

Jumamosi alikuwa nyuma ya nyumba anaondoa magamba ya samaki kwa ajili ya mgeni wake, aliposikia viatu vya Prudencia kwenye kokoto za mbele, na mlango.

"Hodi humu! Baba, shikamoo!"

Ponsian akafungua mdomo, kisha akakumbuka, akasimama afute mikono aende akamwonyeshe kwa ishara.

"Marahaba, mwanangu," ikasema sauti yake ndani ya nyumba.

Kisu kilianguka. Alikimbia akizunguka ukuta, na nyumba ya vyumba viwili ilikuwa ndefu kama ghala, na njia yote alimsikia binti yake sebuleni akipanga vitu na kuongea kwa furaha na mlango wa chumbani uliorudishwa.

"Afadhali! Barua yako ilinitisha. Nikasema labda mzee amechanganyikiwa kwa upweke. Unajua, kwenye kivuko nimekaa nawaza sauti yako tu? Ile uliyokuwa unaniimbia chini chini kule nyuma ya jukwaa, nikiogopa. Hujui kuimba, baba, tuseme ukweli. Lakini mimi bila ile sauti silali mpaka leo."

Ponsian akaufikia mlango. Prudencia alikuwa amempa mgongo, anafungua kitenge alichofungia ndizi. Chini ya mlango wa chumbani, polepole, maji ya rangi ya ziwa yalikuwa yanapenya sebuleni. Akanyoosha mikono amzibe masikio. Zilibaki hatua nne.

Na sauti ikaita, kwa upole ambao yeye, katika maisha yake yote ya kuwawekea watu viti, hakuwahi kupata ujasiri wa kuutumia:

"Prudencia!"

Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Hakusubiri kuitwa mara ya pili.

"Abee, baba."